Tunu amekufa siku mbili baada ya kuzaa, sasa Subira ana uvimbe chini ya sikio: nimchome OTC?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mfugaji mdogo wa Rungwe, si mbali na Tukuyu mjini. Nilianza na mtamba mmoja wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, nikalipa kwa ndama wangu wa kwanza, na hadi mwezi uliopita nilikuwa na ng'ombe watatu bandani: Tunu, Zawadi na Subira. Ada za watoto wangu wawili zinatoka humo.

Tunu ndiye aliyekuwa nguzo. Uzao wake wa tatu alinipa lita 18 kwa siku. Uzao huu wa nne nilimwandaa kuliko wakati wowote. Mwezi mzima kabla ya kuzaa nilimpa lusina kwa wingi, pumba, mashudu ya alizeti na madini ya unga kila siku ili awe na nguvu. Alizaa Jumapili usiku, ndama jike, bila shida, na kondo la nyuma likatoka lenyewe. Asubuhi nikamkamua hadi tone la mwisho, kama tulivyofundishwa kwenye kikundi. Jumatatu jioni akawa anayumba miguu ya nyuma. Jumanne alfajiri nilimkuta amelala, shingo kaikunja, kichwa kakilaza ubavuni, masikio ya baridi. Nikamwita kijana anayetuchomea mifugo hapa kijijini. Akasema ni ndigana, akamchoma OTC, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini. Jirani akaleta maji ya chumvi na magadi, tukamnywesha kwa chupa. Saa sita mchana alikuwa amekufa.

Shemeji zangu wanasema nimemwua mwenyewe kwa kumkamua vibaya. Mume wangu hajasema neno, na kimya chake kinaniuma kuliko maneno yao.

Kilichonifanya niandike leo ni Subira, mtoto wa Tunu. Amezaa mara ya kwanza miezi minne iliyopita. Tangu jana hali vizuri, maziwa yamepungua nusu, na chini ya sikio la kushoto ana uvimbe kama yai la kuku. Nimebakiwa na nusu chupa ya OTC. Nimchome?

La mwisho ni Zawadi, ambaye ana mimba ya miezi sita. Kwa mwezi wa pili sasa chuchu yake moja inatoa mabonge. Yakionekana anachomwa OTC, yanaisha, baada ya wiki mbili yanarudi. Na mama anayenunua maziwa yangu kwa ajili ya mtindi anasema hayagandi. Ananishuku kwamba naongeza maji. Sijawahi kuongeza maji hata siku moja.

Mfugaji, Rungwe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Ng'ombe wa lita 18 akifa, nyumba nzima imefiwa. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Ilinifikia asubuhi, na kwa habari ya Subira sikusubiri siku ya safu hii, nilikupigia saa ile ile. Kwa ajili ya wasomaji wengine nianze hapo hapo tulipoanzia kwenye simu.

Swali langu la kwanza lilikuwa moja tu: joto lake ni ngapi? Hukuwa na kipimajoto, ukaazima cha mtoto kwa jirani, ukakipaka mafuta, ukakiingiza sehemu ya haja kubwa kikigusa ukuta wa ndani, ukasubiri mpaka kikalia. Kilisoma 40.8. (Usikirudishe kwa yule mtoto. Mnunulie kipya, hiki kibaki bandani, kifungwe uzi kisipotelee ndani.) Ng'ombe mzima mwenye afya huwa kati ya 38 na 39.3, mchana wa jua kali hupanda kidogo. Subira alikuwa na homa ya kweli, na tezi ya chini ya sikio imevimba. Nilikwambia utelezeshe mkono mbele ya bega lile lile, ukakuta tezi nyingine imevimba. Wilaya yenu ina kupe. Kwa dalili hizo nashuku ndigana kali kabla ya kitu kingine chochote.

Jibu la swali lako, basi: hapana, usimchome ile nusu chupa.

Ndigana kali huletwa na kijidudu kinachoitwa Theileria parva, na anayekibeba ni kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Ndiyo maana tezi ya kwanza kuvimba mara nyingi ni ile iliyo jirani na sikio. Kijidudu hiki huingia ndani ya seli nyeupe za damu, zile zile zilizowekwa kuulinda mwili, na kuzifanya ziongezeke ovyo. Kikishajikita humo, OTC haikiui. Dawa yake ni buparvakuoni, ambayo maduka mengi ya mifugo huijua kwa jina la Butalex. Dozi ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwenye msuli wa shingo, na daktari akiona haja anarudia baada ya saa 48. Subira mlimpima kifua kwa utepe wa kukadiria uzito akatoka kilo 340 hivi, kwa hiyo anahitaji mililita 17, zigawanywe sehemu mbili za shingo. Nasisitiza utepe kwa sababu dawa hii ni ghali, na nimeona wengi wakichoma mililita 10 ili chupa ifike kwa ng'ombe wawili. Mwishowe wote wawili hawaponi.

Dawa hii inawahi au haiwahi. Siku mbili za kwanza za homa, wengi hupona. Ukisubiri mpaka anakohoa, anapumua kwa shida na povu jeupe linatoka puani, mapafu yamekwisha kujaa maji, na hapo hata dozi kamili inaweza kushindwa. Kwa hiyo kipimajoto ndicho kitu cha kwanza kununua, kabla ya dawa yoyote. Bei yake ni kama ya lita chache za maziwa.

Uliniuliza kwenye simu: mbona Subira hatoki nje, amepata wapi kupe? Kupe huja na majani. Ukikata nyasi bondeni mahali ambapo ng'ombe wa wengine hulishwa, unawabeba kichwani mpaka kwenye hori. Kata majani kwenye shamba lako ulilolizungushia, mabingobingo yako mwenyewe, na yale ya barabarani uyaache. Nyunyiza dawa ya kupe kila wiki, bila kusahau ndani ya masikio na chini ya mkia, ambako pampu za wengi hazifiki. Na kila jioni ukimaliza kukamua, ingiza vidole masikioni uwatoe kwa mkono. Kupe akishang'ata huhitaji siku kama tatu hivi ili vijidudu vilivyo kwenye tezi zake za mate vikomae na kuingia kwa ng'ombe. Anayetolewa siku ya kwanza kwa kawaida hajaambukiza ndigana kali bado.

Iko pia chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Muguga nchini Kenya, na wafugaji wengi wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa miaka. Ng'ombe huchanjwa mara moja maishani. Huhifadhiwa kwenye baridi kali ya naitrojeni, na mrija mmoja una dozi nyingi, kwa hiyo haifai kuitwa kwa ng'ombe mmoja. Kikundi chenu kiandikishe ndama wote, mkamwone afisa mifugo wa kata kwa pamoja. Ndama wa Tunu awe wa kwanza kwenye orodha.

Sasa Tunu.

Sikumwona, lakini maelezo yako yangeweza kuwekwa kwenye kitabu cha wanafunzi: uzao wa nne, maziwa mengi, siku ya pili baada ya kuzaa, kuyumba, kulala shingo imekunjwa kichwa ubavuni, masikio ya baridi. Huo ni ugonjwa unaoitwa homa ya maziwa, na jina hili limewaponza wengi, kwa sababu homa hakuna. Ukimpima utakuta 38, pengine 37. Mtu akisikia "homa" anakimbilia dawa ya homa. Kumbe kilichokosekana ni kalsiamu kwenye damu.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, lina kalsiamu nyingi. Usiku ule wa kuzaa kiwele kinaanza kuivuta kutoka kwenye damu kwa kasi ambayo mwili haukuizoea. Ghala ipo, nayo ni mifupa, na shingoni kuna tezi ndogo zinazoiamuru mifupa iachie akiba. Lakini ng'ombe aliyelishwa kalsiamu tele mwezi mzima wa mwisho, tezi zake zimelala. Zilikuwa hazina kazi. Kuziamsha huchukua siku mbili tatu, na siku hizo Tunu hakuwa nazo. Lusina ile na madini yale ya kila siku, uliyompa kwa mapenzi, ndiyo yaliyozilaza. Najua sentensi hii inauma. Naiandika kwa sababu wafugaji wazuri ndio wanaokosea hapa, wanaowajali ng'ombe wao. Mzembe hana madini ya kumpa ng'ombe aliyekauka maziwa.

Kumkamua hadi mwisho je? Shemeji zako wamekuonea. Mlichofundishwa ni sahihi kwa siku nyingine zote, maana maziwa yanayobaki huleta ugonjwa wa kiwele. Ila ng'ombe wa uzao wa tatu na kuendelea, mwenye maziwa mengi, siku mbili za mwanzo mkamue ya kumtosha ndama na kidogo zaidi, kiwele kisidai yote kwa mkupuo. Hilo lingepunguza mzigo. Peke yake lisingemwokoa, na kumkamua peke yake hakukumwua. Mwonyeshe mume wako aya hii.

Kilichohitajika Jumanne alfajiri ni kalsiamu ya mshipani, ya joto la mwili, kwa kawaida mililita 400 za ile ya asilimia 40, ikiingia taratibu kwa dakika 10 hadi 20, huku daktari akisikiliza moyo. Hakuna tiba katika kazi yangu inayonipa furaha kama hii. Chupa ikifika nusu ng'ombe anaanza kutetemeka misuli, anatoa mbweu, anakunya, pua iliyokuwa kavu inalowa, na wengi husimama ndani ya saa moja na kumtafuta ndama.

Lakini isichomwe na mtu asiyejua. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitwa kwa ng'ombe kama Tunu, jua linazama, tukiwa na wengine wawili wa kuwaona. Chupa ilikuwa ya baridi na niliiinua juu ili iishe upesi. Moyo wake ulisimama mbele ya macho yangu na ya watoto wa nyumba ile. Kalsiamu ikiingia kwa kasi inaua kama inavyoponya. Tangu siku hiyo sijawahi kuharakisha chupa.

Wakati unamsubiri daktari kuna mambo mawili ya kufanya. Mweke ng'ombe akalie kifua, umwegemeze kwa magunia ya majani au udongo pande zote mbili, asilale ubavu, maana akilala ubavu tumbo linajaa gesi na kumbana pumzi. Na usimnyweshe kitu. Ng'ombe mwenye upungufu huu koo lake halimezi vizuri. Maji ya chumvi na magadi huteremka mapafuni. Jirani yako alikuja kusaidia, mshukuru, ila mwambie.

Si kila ng'ombe aliyeanguka baada ya kuzaa ana upungufu wa kalsiamu. Aliyeumia nyonga wakati wa kuzaa hushindwa kusimama lakini anakula na macho yako hai. Mwenye kiwele chekundu, cha moto, kinachotoa maji maji badala ya maziwa, ana sumu ya ugonjwa wa kiwele mwilini na huyo naye anaweza kulala na kupoa kama Tunu. Kwa hiyo gusa kiwele kabla ya kuamua.

Kuhusu kijana aliyechoma OTC, sitaki umchukie. Iko ndigana nyingine, ndigana baridi, inayopauza ufizi mpaka unakuwa mweupe au wa manjano, na kinyesi kinakuwa kigumu. Hiyo OTC inaitibu vizuri. Hata ugonjwa wa moyo kujaa maji, ukiwahiwa. Bila shaka ameponya ng'ombe wengi hapo kijijini kwa chupa ile, na ndivyo alivyojifunza kwamba inatosha. Haitoshi kwa ndigana kali, wala kwa mkojo mwekundu, ambao una sindano yake nyingine, wala kwa ng'ombe wa baridi aliyezaa juzi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetibu mifugo awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari. Muulize mtu swali hilo kabla hajafungua mkoba, kwa adabu tu. Aliyesajiliwa hatakasirika.

Zawadi ni kisa kirefu zaidi na ndicho kinachonipa hasira, kwa sababu kinafanyika katika mabanda mengi na hakuna anayekufa ili watu washtuke. Mabonge yanayokuja na kuondoka kwenye chuchu ile ile ni ugonjwa wa kiwele uliokwisha kujenga makazi ndani. Sindano ya shingoni hufikisha dawa kidogo kiweleni, inawanyamazisha bakteria kwa siku chache, kisha wanaamka. Mwambie daktari achukue maziwa ya chuchu hiyo kwenye kichupa safi, yapelekwe kupitia ofisi ya mifugo ya wilaya hadi maabara ya kanda ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) iliyoko Iringa, ijulikane ni bakteria gani na wanauawa na dawa ipi. Kisha atibiwe kwa mirija ya kuingiza kwenye chuchu, baada ya kukamua yote na kusafisha ncha ya chuchu kwa spiriti, dozi yote hadi imalizike hata kama mabonge yametoweka siku ya pili.

Kila unapokamua, matone ya kwanza ya kila chuchu yaangukie kwenye kikombe cheusi au kipande cha kaniki. Kwenye ndoo nyeupe bonge dogo halionekani, kwenye weusi linaonekana. Kamua Subira kwanza, Zawadi wa mwisho, na uoshe mikono. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini, kisha wape majani ili wabaki wamesimama nusu saa, mpaka tundu la chuchu lifunge.

Na mtindi wako. Hukuongeza maji, nakuamini, na naweza kumweleza mteja wako kilichotokea. Maziwa hugandishwa na bakteria wema. OTC uliyomchoma Zawadi ilipita kwenye maziwa, ukayachanganya na ya wenzake kwenye ndoo moja, na bakteria wale wakafa kabla hawajafanya kazi. Maana yake ni kwamba watoto wa watu wamekuwa wakinywa dawa hiyo, na wako pia. Lebo ya kila dawa huandika siku za kutouza maziwa, zihesabu tangu sindano ya mwisho, uyamwage. Usimpe mtu. Hii inahusu pia maziwa ya Subira wiki hii. Nenda kwa yule mama, mwambie ukweli wote, na mwambie ni lini utaanza tena kumletea. Yanayobaki salama, yachemshwe kabla ya kugandishwa, kwa ajili ya ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu, ambavyo vyote huvuka kutoka kwa ng'ombe kuja kwetu.

Zawadi ana mimba ya miezi sita, kwa hiyo tuna nafasi. Mwezi wa saba unapotimia mkaushe, na siku ya mwisho ya kumkamua daktari aweke mirija ya dawa ya ng'ombe aliyekaushwa kwenye chuchu zote nne. Hapo dawa hukaa kiweleni wiki kadhaa bila kukamuliwa, na magonjwa sugu ya kiwele hupona vizuri zaidi kipindi hicho. Wiki nne za mwisho umwondolee lusina na madini yenye kalsiamu. Mpe mabingobingo, nyasi kavu, maji, pumba kiasi. Madini yarudi siku anapozaa, si kabla. Chupa mbili za kalsiamu zinunuliwe mapema zikae ndani ya nyumba, kwa sababu ng'ombe huzaa usiku na maduka ya Tukuyu hufungwa jioni.

Jana umenitumia ujumbe kwamba Subira, siku ya tatu tangu achomwe Butalex, amesoma 39.1 na ameanza kucheua. Endelea kumpima asubuhi na jioni hadi Jumapili, uandike namba ukutani kwa mkaa. Ikivuka 39.5 tena, nipigie, hata kama ni usiku.